Kulea alevini ndani ya nyumba: namna ya kuchagua chujio na joto kwa beseni lisilo na udongo

Ndugu wanachama, wamama na wababa wa koperative zetu za pande za Likasi, kila mwaka swali lilelile linarudi. Mvua zinaanza, mabwawa yanajaa, kila mtu anatafuta alevini za kuweka, na alevini hazipatikani. Zenye kupatikana zinatoka mbali, zinafika zimechoka, na nusu zinakufa ndani ya juma la kwanza. Ndiyo maana koperative nyingi zimeanza kulea alevini zenyewe, ndani ya nyumba, katika mabeseni ya plastiki, ya tofali au ya hema.

Hii ni kazi nzuri. Lakini wengi wanaanza na chakula na samaki wazazi, halafu wanafikiria chujio na joto nyuma, wakati samaki wadogo wamekwisha kuanza kufa. Katika somo hili tunageuza mpangilio: kwanza maji, chujio na joto, kisha samaki. Tunazungumza juu ya beseni la lita 500, juu ndilo koperative ndogo inaweza kulisimamia. Wenye beseni kubwa au dogo watapiga hesabu zao kwa kulinganisha.

Beseni tupu, na juu ya nini tunalipenda

Tunasema beseni tupu pale chini hakuna udongo, mchanga wala changarawe. Kuko sakafu ya plastiki au ya simenti tu. Faida yake ni kwamba uchafu wote unaonekana. Chakula kilichobaki, mavi, samaki aliyekufa, vyote vinalala pale chini wazi, na mtu anaviondoa asubuhi kwa mpira mwembamba. Magonjwa hayapati pa kujificha. Na ukitaka kumwaga maji yote na kuosha, ni kazi ya saa moja.

Hasara yake iko moja, lakini ni kubwa. Katika bwawa, udongo na majani vimejaa vijidudu vizuri vyenye kula sumu ya samaki. Katika beseni tupu hakuna udongo, kwa hiyo vijidudu hivi havina nyumba. Chujio ndilo litakuwa nyumba yao, karibu yote. Mtu mwenye beseni tupu na chujio dhaifu anawaweka samaki wake ndani ya choo chao wenyewe. Maji yanaweza kuonekana meupe kama ya kunywa, na samaki wanakufa palepale.

Kabla ya chujio: chombo na maji

Sisi tunaishi katika inchi ya shaba. Hatuwezi kufundisha samaki Likasi kama vile tuko ku kijiji kisicho na machimbo.

Mapipa. Ku soko kuko mapipa na bido za bei nafuu zilizobeba asidi, mafuta au dawa za viwanda vya madini. Zinaoshwa vizuri, zinang'aa. Musizinunue kwa kulea samaki, wala kwa maji ya kunywa. Plastiki inanyonya dawa na kuitoa polepole. Chukueni chombo kilichobeba chakula, kama mafuta ya kupikia, na mujue kweli kilitoka wapi.

Maji. Mito inayopita karibu na viwanda na machimbo, kama vile Panda, inateremka hadi Lufira na ziwa Tshangalele. Watafiti wamepima maji, tope na samaki wa bonde hili na wamekuta shaba na kobalti kupita kiasi. Shaba kidogo tu, ile mtu haoni wala haonji, inaua alevini, juu inaharibu mashavu yao ya kupumulia. Na samaki asiyekufa anaweza kuibeba ndani ya mwili wake hadi ku sahani yetu. Kwa hiyo tafuteni chemchemi, kisima au kijito kilicho juu ya machimbo, hapana chini yake.

Jaribio la ndoo. Kabla ya kujaza beseni, chukueni ndoo ya maji yale, wekeni samaki kumi wadogo, musiwape chakula, mungojee siku mbili. Wekeni ndoo ingine pembeni yenye maji munayoyaamini, na samaki kumi vilevile. Kama wa ndoo ya kwanza wanalala upande au wanakufa na wa pili wako wazima, maji yale yaacheni. Lakini mukumbuke: jaribio hili linaonyesha sumu kali tu, halionyeshi ile inayojikusanya polepole. Kuchagua mahali pa kuteka maji kunabaki jambo la kwanza.

Maji ya bomba. Maji ya REGIDESO yana klori. Yaacheni wazi katika pipa siku moja au mbili, muyakoroge mara kwa mara, kisha yatumike.

Simenti mpya. Simenti inatoa chokaa, na chokaa inachoma samaki. Jazeni beseni, liache siku tatu, mwageni, rudieni mara nne au tano kabla ya kuweka samaki.

Shaba ndani ya nyumba. Bomba za shaba, robine za shaba njano, mabati ya zinki: vyote musivitumie mahali maji ya samaki yanapita. Plastiki inatosha.

Chujio linafanya kazi mbili

Watu wengi wanafikiri chujio ni kitambaa cha kushika uchafu. Hiyo ni kazi ya kwanza tu, na ni ndogo.

Kazi ya pili ndiyo inaokoa samaki. Samaki anapumua na kukojoa amonia. Amonia ni sumu. Vijidudu vya aina moja vinaikula na kuitoa kama nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vijidudu vya aina ya pili vinaikula nitriti na kuitoa kama nitrati, ambayo samaki anaivumilia, na ambayo mboga inaipenda. Vijidudu hivi vinataka vitu vitatu: mahali pa kushika, hewa, na joto. Vinashika juu ya mawe, plastiki, sponji, kitu chochote chenye uso mwingi.

Hivi hesabu ya chujio haitoki ku ukubwa wa beseni. Inatoka ku chakula. Kilo moja ya chakula chenye protini nyingi inatoa karibu gramu 30 za amonia. Kwa mwanzo shikeni kipimo hiki cha tahadhari: ndoo moja ya lita 20 iliyojaa changarawe safi inabeba gramu 20 za chakula kwa siku. Mukitaka kutoa gramu 60, tafuteni ndoo tatu, au mubadilishe maji mengi kila siku. Hakuna njia ya tatu.

Jambo lingine: chujio jipya ni nyumba bila watu. Vijidudu vinachukua majuma manne hadi sita kujaa, na katika baridi zaidi ya hapo. Kwa hiyo chujio linawashwa mwezi mmoja na nusu kabla ya alevini kufika, likiwa na samaki wachache na chakula kidogo. Mukiwa na jirani mwenye chujio la zamani na samaki wasio na ugonjwa, mwombeni changarawe yake kidogo muchanganye na yenu. Ni kama chachu ya mkate.

Aina nne, na ya nani ni ipi

1. Ndoo na mkono. Hakuna mashine. Kila asubuhi munanyonya uchafu wa chini kwa mpira na kubadilisha robo au theluthi ya maji. Kwa beseni la lita 500 ni lita 125 hadi 165 kila siku. Inafaa kwa wenye maji mengi karibu na mikono mingi, na samaki wachache. Ubaya wake wakati wa baridi: maji mapya ni baridi, kwa hiyo lazima yapashwe moto kwanza. Maji ya zamani musiyatupe, yanalisha lengalenga na nyanya vizuri sana.

2. Sponji na hewa. Pompe ndogo ya hewa inasukuma mapovu ndani ya bomba lililovikwa sponji. Mapovu yanavuta maji kupita ndani ya sponji. Kwa alevini hii ndiyo tunaipenda kuliko zote, juu haimezi samaki mdogo na inaleta hewa wakati uleule. Pompe inakula wati 5 tu. Panel moja ya jua ya wati 50 na betri vinaiendesha usiku na mchana. Sponji ya matela inaweza kutumika kama ni safi, haina rangi, na imeoshwa mara nyingi bila sabuni.

3. Ndoo ya changarawe inayodondosha. Pipa la lita 200 linawekwa juu ya meza yenye nguvu. Maji yanateremka polepole kwa mpira hadi ndani ya ndoo yenye mashimo madogo chini, iliyojaa changarawe ya ukubwa wa njugu au vifuniko vya chupa vya plastiki. Yanadondoka ndani ya beseni. Ya ziada yanatoka kwa bomba la juu, lenye wavu, na kuanguka katika pipa la chini. Asubuhi, mchana na jioni mtu anayarudisha juu kwa ndoo, au pompe ndogo ikiwa kuko umeme. Ndoo hii inafanya kazi umeme ukiwako au usipokuwako. Changarawe isitoke ku lundo la mabaki ya machimbo, hata kama iko karibu na ya bure.

4. Chujio la kununua la umeme. Linasafisha vizuri, lakini linavuta kwa nguvu na alevini zinaingia ndani. Na likikosa umeme kwa saa nyingi, vijidudu vyake vinakufa kwa kukosa hewa, kisha umeme ukirudi linatapika uchafu wote ndani ya beseni. Kwa pande zetu, ambako umeme unakatika mara kwa mara, tunalishauri kwa wenye pompe ya akiba tu.

Koperative yenye kuanza ichague namba 2 na namba 3 pamoja. Sponji inaleta hewa, ndoo inabeba mzigo. Moja ikilala, ingine inaendelea.

Kosa letu wenyewe

Tuseme hapa kosa tuliolifanya sisi wenye kuandika somo hili. Mwaka mmoja tulikuwa na beseni lenye kwenda vizuri. Kabla ya ugeni tulitaka mahali pang'ae. Tukatoa changarawe yote na sponji yote, tukaviosha kwa maji ya bomba mpaka vikawa vyeupe. Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakivuta hewa, siku ya tano tulikuwa tunawaokota. Klori iliua vijidudu vyote, na amonia haikuwa na wa kuila.

Kwa hiyo sheria: chujio linaoshwa ndani ya maji ya beseni lenyewe, katika ndoo, kwa kulitikisa tu. Nusu juma hili, nusu juma lenye kuja. Chujio zuri lina rangi ya udongo na harufu ya bustani. Likinuka yai bovu, hapo ndipo kuna shida.

Joto: samaki anataka digri ngapi

Likasi iko mita karibu 1,300 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba mchana jua linawaka, lakini usiku mbingu haina mawingu na joto lote linaruka juu. Munajua wenyewe ile baridi ya asubuhi. Samaki wetu anaijua zaidi, juu mwili wake hauna moto wake, unafuata maji.

Shikeni namba hizi kwa tilapia:
- Digri 26 hadi 30: anakula, anakua, kila kitu kinaenda.
- Digri 20 hadi 25: anakula kidogo, anakua polepole. Chini ya 22 hivi hatagi vizuri.
- Chini ya digri 17: karibu anaacha kula. Magonjwa ya ngozi yanaanza.
- Digri 11 au 12: anakufa.

Kambale mkubwa anavumilia zaidi, lakini alevini zake na mayai yanataka digri 26 hadi 30. Kwa digri 28 mayai ya kambale yanapasuka ndani ya siku moja hivi. Maji yakiwa baridi yanachelewa, na ukungu unayala kabla.

Nunueni termometa mbili, musinunue moja. Moja inaweza kudanganya, mbili zikipatana munaamini. Pimeni alfajiri, kabla ya jua, juu ndiyo saa ya baridi kuliko zote. Mtu anayepima saa sita mchana anajidanganya.

Na kitu kimoja zaidi: samaki mdogo anaogopa mabadiliko kuliko baridi yenyewe. Musipandishe wala musishushe zaidi ya digri moja kwa saa.

Njia za joto, kuanzia ya bure

Kalenda. Njia ya kwanza ya kupasha maji moto ni kutoanza wakati wa baridi. Kama hamuna haraka, anzeni mwezi wa tisa, maji yatajipasha yenyewe. Lakini mwenye kutaka kuuza alevini mvua za kwanza zinapojaza mabwawa lazima aanze mwezi wa nane, na hapo usiku bado una baridi. Kwa hiyo joto tunalitafuta kwa majuma machache tu. Mukijua hivyo, gharama inapungua sana.

Kuvika beseni. Moto usiopotea hauhitaji kununuliwa. Beseni tupu linakaa juu ya simenti baridi, na simenti inanyonya joto usiku kucha. Liinueni juu ya mbao. Chini ya mbao na pembeni wekeni magunia yaliyojaa maganda ya mahindi makavu au unga wa mbao. Juu funikeni kwa plastiki na mkeka usiku, muache nafasi ndogo ya hewa. Maji yanapoteza joto zaidi kwa upande wa juu, kwa hiyo kifuniko ndicho kazi ya kwanza. Chumba kidogo ni bora kuliko kikubwa.

Jua. Msimu wetu wa kiangazi una jua la kutosha. Bido nyeusi zilizojaa maji na kuachwa juani toka asubuhi zinapata moto wa bure. Kama paa lina sehemu ya plastiki nyeupe inayopitisha jua, beseni linapashwa mchana lenyewe.

Bido za maji ya moto. Hesabu ni nyepesi. Bido ya lita 20 yenye maji ya digri 70, imefungwa vizuri, ikiwekwa ndani ya beseni la lita 500 lenye digri 20, inapandisha beseni lote karibu digri 2. Bido mbili ni karibu digri 4, lakini ziwekwe moja baada ya ingine kwa sababu ya ile sheria ya digri moja kwa saa. Wekeni wavu au kitambaa kuizunguka, alevini zisigusane nayo. Maji ya moto yenyewe musiyamwage ndani ya beseni: yanachoma samaki wa karibu, na kama yametoka ku bomba yanaleta klori.

Kifaa cha umeme chenye termostati. Katika chumba cha baridi, beseni lisilofunikwa linataka wati 1 kwa kila lita. Likivikwa vizuri, nusu inatosha: lita 500 kwa wati 250 hadi 300. Chukueni vifaa viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa. Kimoja kikiharibika na kubaki kimewaka, hakitaweza kupika samaki. Kikizimika, cha pili kinashika. Kiwekwe karibu na mapovu ya hewa ili joto litembee, kisilale juu ya sakafu ya plastiki kisije kuitoboa, na kisitoke nje ya maji kikiwa kimewaka.

Wengi wanatuuliza: tunaweza kupasha maji kwa panel za jua? Pigeni hesabu pamoja nasi. Wati 300 kwa saa 10 za usiku ni wati-saa 3,000. Panel ya wati 100 siku nzuri inatoa wati-saa 400 hadi 500. Mutahitaji panel saba na betri nyingi kwa beseni moja. Kwa hiyo panel iende ku hewa, ambako pompe inakula kidogo, na joto litoke ku jua lenyewe, ku kuvika beseni, na ku bido.

Mambo mawili yanayoua watu

Hapa hatuzungumzi tena juu ya samaki.

La kwanza ni mbabula. Usiku wa baridi mtu anaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba cha samaki, anafunga dirisha ili joto lisitoke, na analala pale kulinda. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na usingizi, halafu haamki. Mbabula isiingie kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa saa moja, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Pasheni maji nje, muingize bido. Mukimkuta mtu amelegea ndani, fungueni mlango, mtoeni nje haraka, mumpeleke hospitali.

La pili ni ile rezistansi ya kuchemshia maji ya kuoga, inayotumbukizwa ndani ya ndoo. Ndani ya beseni ni hatari ya kifo, juu mkono wa mtu unaingia maji kila saa. Hata kwa kifaa kizuri, chomoeni plagi kabla ya kutia mkono. Waya ishuke chini ya plagi kisha ipande, ili tone la maji lisitembee hadi ku umeme.

Chujio na joto ni ndugu

Wengi wanachagua chujio leo na joto kesho, kama vitu viwili. Lakini vinashikana.

Maji yakiwa baridi, samaki hali, chakula kinabaki chini na kuoza. Vijidudu vya chujio navyo vinalegea kwa baridi. Kwa hiyo siku ya baridi amonia inapanda pande mbili. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza chakula: chini ya digri 20 toeni nusu, chini ya 17 musitoe.

Maji yakiwa moto, samaki anakula sana na kuvuta hewa nyingi, lakini maji ya moto yanashika hewa kidogo. Kwa urefu wetu wa mita 1,300 hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ile ya watu wa pwani. Tena amonia ileile inakuwa kali zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo anayeongeza joto aongeze mapovu na aangalie chujio, siku ileile.

Umeme ukikatika, fuateni mpangilio huu:
1. Acheni kulisha palepale. Samaki mdogo mwenye afya anaweza kukosa chakula siku moja.
2. Hewa kwanza: betri, au mtu anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga toka juu, dakika kumi kila nusu saa.
3. Funikeni beseni, muache nafasi ya hewa. Beseni la lita 500 lililovikwa linapoa polepole.
4. Bido ya moto kama termometa imeshuka digri mbili.
5. Sponji na changarawe zibaki na unyevu.

Kazi ya kila siku

Alfajiri: soma termometa, andika ku daftari. Angalia samaki kabla ya kuwalisha: wakiwa juu wote wanavuta hewa, usilishe, badilisha theluthi ya maji kwanza. Asubuhi: nyonya uchafu wa chini kwa mpira, mwisho wa mpira uwe ndani ya ndoo yenye kitambaa ili kushika alevini zilizopotea njia. Mchana: funua beseni lipate jua kidogo. Jioni: lisha mara ya mwisho saa mbili kabla ya giza, funika, andaa bido. Kila juma: tikisa nusu ya chujio.

Daftari hili ni mali ya koperative kuliko pompe. Mwaka wenye kuja, mtu mpya atajua baridi ilianza siku gani na bido ngapi zilitosha.

Maswali ya kuzungumza ku mkutano

1. Maji yetu yanatoka wapi, na kuko nini juu ya mto ule?
2. Mapipa yetu yalibeba nini kabla?
3. Kwa juma moja tunapata umeme saa ngapi? Chujio gani linaweza kuishi na saa hizo?
4. Nani anaamka alfajiri kusoma termometa, na nani anachukua nafasi yake akiugua?
5. Tunataka kuuza alevini mwezi gani, na kutoka hapo turudi nyuma: chujio liwashwe lini?

Jibuni swali la tano kwanza. Kama munataka kuanza mayai mwezi wa nane, chujio lenu linapaswa kuwa linafanya kazi toka nusu ya mwezi wa sita. Halafu nendeni ku soko mukiwa na orodha: ndoo, mpira, sponji, termometa mbili. Samaki watakuja wakikuta nyumba yao iko tayari.